NANI ALIFUNGA NJIA YA HABARI?

Ndugu wafanyakazi,

Katika ziara yangu ya Nakivale, kibarua mmoja wa mashambani, mzaliwa wa Bukavu, aliniuliza swali ambalo nilirudi nalo mpaka Mbarara. Waasi wa M23 walipoingia mji wao Februari 2025, kila alipofungua simu alikuta kwanza matangazo ya biashara na vichekesho. Habari za kwao alizipata baada ya siku tatu. Siku tatu ni nyingi kwa mtu mwenye mama huko. Kwa nini iwe hivyo?

Ndugu, njia nzuri ilikuwepo. Inaitwa RSS, nayo ilianza mwaka 1999. Gazeti au redio yenye tovuti huweka orodha ya habari zake mpya: kichwa, tarehe na mahali pa kuisoma. Programu yoyote inaweza kuichukua orodha hiyo bila kuomba ruhusa. Msomaji hupata habari za wale aliowachagua mwenyewe, kwa kufuata tarehe.

Lakini msomaji wa namna hiyo hapiti dukani kwa kampuni kubwa. Haoni matangazo yake, wala kampuni haijui anapenda nini. Na matangazo ndiyo faida yao. Mkulima wa matoke wa Isingiro akiuza mwenyewe sokoni Mbarara, dalali hapati kitu. Kwa hiyo dalali hutaka kila mzigo upitie kwake.

Mwanzoni makampuni yaliipenda njia hii kwa sababu iliwaletea watu. Walipokwisha kuwapata, wakaiacha. Google ilifunga Google Reader, chombo chake cha kusomea orodha hizo, tarehe 1 Julai 2013, ikisema watumiaji wamepungua. Mwaka huohuo Twitter nayo iliacha kutoa RSS.

Sisi wa Uganda tumeonja matokeo ya kutegemea mlango mmoja. Tarehe 1 Julai 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia Facebook, WhatsApp au Twitter. Tovuti za kawaida hazikuwemo katika kodi hiyo. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, Facebook ikafungwa nchini. Kikundi kilichoweka matangazo yake yote humo kilibaki bila sauti.

Tufanye nini? RSS haijafa. Podikasti, yaani vipindi vinavyopakuliwa kwenye simu, bado husafiri kwa njia hiyo, na magazeti mengi bado yanayo. Vijana wanaojua simu waweke programu ya kusoma RSS na wawafundishe wenzao. Kila tawi liandike namba za wanachama katika daftari lake. Ubao wa matangazo getini usiondolewe. Kundi la WhatsApp linasaidia, lakini si mali yetu: mwenyewe anaweza kulifunga kesho bila kutuuliza.

Umoja ni nguvu!