Mashua ya Mazao: Tazama Umbo Kabla ya Mashine

Mkulima wa Mpeketoni au Hindi, unajua ya kuwa maembe yakifika gati ya Mokowe safari haijaisha. Bado kuna maji mpaka Lamu, au mbali zaidi mpaka Faza, na nauli ya maji hayo hutoka katika bei ya embe lako. Basi kama kikundi chenu kimeweka akiba ili kuifungia mashua mashine yenye nguvu zaidi, soma habari hii kabla fedha haijatoka.

Watu wengi hudhani mashine ya nguvu mara mbili italeta mwendo mara mbili. Sivyo. Mashua yenye mzigo ina mpaka wa mwendo wake, na mpaka huo huwekwa hasa na urefu wa mashua yenyewe.

Simama gatini utazame. Mashua ikienda, huinua wimbi moja kwenye omo na jingine nyuma yake. Mwendo ukizidi, mawimbi hayo huachana, hata lile la pili likafika tezi, na mashua ikawa imelala bondeni kati ya mawimbi mawili. Tangu hapo ukiongeza moto, tezi huzama na omo huinuka. Mashine sasa ni kama punda avutaye mkokoteni mlimani, ila mlima huu nao unakwenda mbele pamoja naye. Petroli inakwisha, na gati haijakaribia.

Hesabu yake mtoto wa shule aweza kuifanya. Pima kwa futi urefu wa mashua pale inapogusa maji, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 1.34. Jibu ni maili za bahari kwa saa, na kila maili ni mita 1,852. Mashua ya futi 16 hupata kama maili 5.4, ya futi 25, maili 6.7, ya futi 36, maili 8. Chombo chembamba sana huweza kupita kadirio hili. Ndiyo maana ngalawa hukimbia, lakini bila matengo yake ingepinduka.

Utaniuliza, mbona zile boti za abiria hupita kama mshale? Hizo ni nyepesi, zina tako pana na bapa, nazo hupanda juu ya maji badala ya kuyapasua. Ipakie magunia 10 ya mahindi, yaani kilo 900, uone. Huenda isipande tena, ikaburuta tako lake majini na kunywa petroli kuliko mashua ya kawaida.

Tako hilo litazameni sana. Likizama, maji hayafungi vizuri nyuma yake. Huzunguka na kuivuta mashua. Sogezeni mzigo mbele kidogo, mpaka ukingo wa chini wa tako ukaribie kutoka majini, lakini msizamishe omo. Maji ya nyuma yakitulia, mmepata. Yakichemka na kuwafuata, mnayalipia.

Vilevile chini ya mashua pawe safi. Wazee wa Pwani huegesha chombo maji yakipwa, wakakwangua magamba na kupaka deheni. Kazi hiyo si ya urembo, maana magamba hukwaza maji kila hatua ya safari.

Na mwendo wenyewe? Ukishuka kutoka maili 7 hadi 6 kwa saa, petroli ya safari ileile hupungua karibu robo, na mara nyingi zaidi. Katika safari ya maili 6 utachelewa dakika 9 tu. Embe halitaoza kwa dakika 9.

Mkienda kwa fundi, Matondoni au kwingineko, mwambieni mzigo kwanza: magunia mangapi, njia ipi, na maji yakipwa hubaki kina gani. Akishawapa urefu na umbo la mashua, ndipo mzungumze habari ya mashine.