Mtandao wa ofisi hulemaa kazi ikizidi? Kagua kadi na swichi

NI jambo la kawaida katika ofisi nyingi. Asubuhi mtandao huwa shwari, lakini mfanyakazi mmoja akianza kunakili faili kubwa kutoka kwa seva, wenzake hulalamika kuwa tarakilishi zao zimekwama. Lawama humwangukia mtoaji huduma za intaneti, na kampuni nyingine hata hulipia kasi zaidi bila kupata nafuu.

Huenda kiini kikawa kwenye waya mfupi unaounganisha seva na swichi.

Kadi za Etheneti za megabiti 100 kwa sekunde, ambazo kanuni zake zilipitishwa mwaka wa 1995, hufanya kazi kwa njia mbili. Katika dupleksi kamili, kila upande hutuma na kupokea kwa wakati mmoja. Katika nusu dupleksi, upande mmoja husubiri mwingine unyamaze.

Kwa kawaida vifaa hivi huafikiana vyenyewe. Tatizo huzuka fundi anapoilazimisha swichi kutumia dupleksi kamili, akidhani anaiongezea kasi, huku akiiacha kadi ya seva ijiamulie. Kadi hiyo hutambua kasi ya 100, lakini kwa kukosa jibu kuhusu dupleksi, kanuni huitaka ichague nusu.

Mwanzoni hakuna dalili yoyote. Amri ya ping hujibiwa chini ya milisekunde moja kwa kuwa pakiti ni chache. Data inapoongezeka, seva hukatizwa katikati ya kutuma, hudhani kuna mgongano, kisha huacha na kusubiri. Vipande vilivyokatika hutupwa na swichi. Pakiti zilizopotea hutumwa upya, na kungoja huko hufikia mamia ya milisekunde.

Hivyo basi, ping ipimwe faili kubwa ikinakiliwa, wala si mtandao ukiwa umetulia. Kisha zisomwe hesabu za makosa. Migongano iliyochelewa upande wa seva, pamoja na makosa ya CRC kwenye swichi, ni ushahidi mzito. Kukimbilia kununua waya mpya kabla ya hapo ni kubahatisha.

Tiba ni kuziacha pande zote mbili zijiamulie, au kuzipangia zote dupleksi kamili.

Hesabu zikiwa safi, mshukiwa ni foleni. Pakiti ya baiti 1,500 huchukua takriban milisekunde 0.12 kupita, kwa hivyo pakiti 1,000 zilizopanga foleni humchelewesha anayefuata kwa milisekunde 120. Hapo foleni ipunguzwe, au kadi na swichi za gigabiti zinunuliwe.