Risasi Inapogoma Mlimani Meru

Anayepanda Mlima Meru huanzia geti la Momella, takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, akiongozana na askari mwenye bunduki. Msitu wa chini ni makazi ya nyati na tembo, na njia ya kwenda Miriakamba hupita katikati yao. Wageni huitazama bunduki wakatulia. Wachache hufikiria kwamba utulivu wao wote umeegemea kikopo cha shaba chenye upana wa milimita tano au sita hivi, kilichoshindiliwa kwenye kitako cha kila risasi. Hiyo ndiyo fataki.

Ndani yake mna tabaka jembamba la kemikali isiyostahimili kubanwa. Pini ya bunduki inapoigonga, kemikali husagwa kati ya shaba na kifuawe kidogo, ikalipuka, na mwali wake ukapenya tunduni hadi kwenye baruti. Wazo la kuwasha baruti kwa kugonga tulipewa na mchungaji wa Scotland aliyependa kuwinda ndege, Alexander Forsyth, ambaye alilisajili mwaka 1807. Bunduki za wakati wake zilitoa mweko kabla ya kufyatuka, na ndege walishatawanyika.

Mtu anapovuta kifyatulio akasikia “ka!” bila mlio, lawama ya kwanza humwangukia aliyetengeneza risasi. Nadhani tunawaonea watengenezaji. Fataki iliyogoma hubaki na alama ya pini, na alama hiyo ina ushahidi mwingi kuliko maneno ya aliyeishika bunduki. Kishimo kikiwa kifupi, pini haikugonga kwa nguvu ya kutosha: springi imechoka, uchafu umejaa njia ya pini, au bolti haikufunga hadi mwisho. Kishimo kikiwa kirefu na cha katikati, na bado kimya, hapo fataki yenyewe inashukiwa. Huenda imeingiwa na unyevu au mafuta. Mafuta hasa. Kuna watu huzipaka risasi mafuta wakidhani wanazihifadhi, kumbe mafuta mepesi hupenya pembeni mwa fataki na kuiua polepole. Risasi zinatakiwa kuwa kavu. Mafuta ni ya bunduki, tena kidogo.

Hapa ndipo mlima wenyewe unapoingia. Joto la hewa hupungua kwa wastani wa nyuzi sita na nusu kila mita 1,000 unazopanda. Kutoka Momella hadi kambi ya Saddle, iliyo karibu na mita 3,570, hiyo ni tofauti ya nyuzi 13 hivi, na usiku juu ya hapo maji huganda. Grisi iliyokuwa laini Arusha mjini mchana huwa nzito kule juu. Pini ikisafiri ndani ya grisi nzito hupoteza kasi, na nguvu ya pigo hutegemea kasi mara kasi yenyewe: kasi ikipungua kwa theluthi moja, nguvu inayobaki haifiki nusu. Risasi ni ileile, bunduki ni ileile, lakini mlio haupo.

Uchafu huohuo unaweza kuleta kosa la kinyume, lenye hatari kubwa zaidi. Bunduki za nusu otomatiki zinazotajwa sana katika taarifa za polisi wetu kwa jina la SAR zina mfano maarufu, SKS, iliyobuniwa na Mrusi Sergei Simonov mwaka 1945 na baadaye kutengenezwa China kwa wingi. Katika SKS nyingi, pini huelea ndani ya bolti bila springi ya kuirudisha nyuma. Ikinaswa mbele na grisi kuukuu au kutu, bolti inapofunga huigonga fataki yenyewe, na bunduki hulia bila kidole kugusa kifyatulio. Kwa sababu hiyo risasi za kijeshi hupewa fataki ngumu, na kwa sababu hiyo kusafisha bunduki bila kuvua pini ni kazi nusu. Pini iliyo safi husikika ikicheza ukitikisa bolti mkononi.

Pini inayoelea ina jambo jingine ambalo linastahili kujadiliwa zaidi katika vituo vya askari. Kila bolti inapofunga, pini huigusa fataki kidogo na kuacha doa. Mara moja haidhuru. Lakini askari anayejaza bunduki asubuhi na kuitoa risasi jioni, kisha kuirudisha ileile chemba kesho yake, anaipigapiga fataki ya risasi moja kwa wiki nzima. Idara moja ya polisi katika jimbo la Georgia, Marekani, iligundua kuwa risasi iliyogoma mikononi mwa ofisa wao ilikuwa imeingizwa chemba mara nyingi mno, na kemikali ndani ya fataki ilikuwa imemeguka. Dawa yake haina gharama: risasi ya juu ibadilishwe nafasi, na ikishaingia chemba mara chache ipelekwe kwenye mazoezi ya shabaha.

Unyevu nao una historia yake kwetu. Aprili 1915 meli ya Kijerumani Rubens, iliyojigeuza ya Denmark kwa jina la Kronborg, ilishambuliwa na manowari ya Kiingereza Hyacinth katika ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga. Wajerumani waliopoa mamilioni ya risasi zilizolowa maji ya bahari. Ilibidi zifumuliwe, baruti ikaushwe, na baadhi ya fataki zibadilishwe. Hata hivyo nyingi ziliendelea kugoma.

Uwanjani pa shabaha, risasi ikigoma, mtutu ubaki umeelekea mahali salama na mtu asubiri angalau nusu dakika kabla ya kufungua bolti, maana fataki dhaifu huweza kuwasha baruti kwa kuchelewa. Mbele ya nyati nafasi hiyo haipo. Askari hukoki upya papo hapo. Baadaye risasi iliyogoma isirudi kwenye magazini wala mfukoni. Ipelekwe kwa mtunza silaha, pamoja na namba ya toleo iliyoandikwa kwenye boksi lake na namba ya bunduki iliyoshindwa kuifyatua. Risasi za toleo moja zikigoma katika bunduki tofauti, boksi zima litengwe. Zikigoma katika bunduki moja tu, bunduki hiyo ivuliwe pini kabla haijapanda tena.