Ugunduzi Mkubwa, Andiko Dhaifu
Mwaka 1847, jijini Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwalazimu madaktari na wanafunzi waliotoka kupasua maiti kunawa mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwapima wajawazito. Vifo vya wazazi vikashuka sana. Kitabu chake, hata hivyo, kilitoka mwaka 1861, nacho ni kirefu, chenye marudio mengi na maneno makali dhidi ya wapinzani. Wengi hawakushawishika.

Mwanafunzi anayetaka alama ya A na ataje swali lake katika aya ya kwanza, aweke takwimu kando ya hoja, na ampinge mwenzake kwa ushahidi. Sisi wasahihishaji tukifika ukurasa wa tatu bila kuliona swali, alama zimekwisha kupungua.