Mulika Mwizi na Ving'ora vya Lahaina

Mwanzoni mwa mwaka 2012 jina la Francis Kariuki, chifu wa Lanet Umoja karibu na Nakuru, lilivuka mipaka ya Kenya kwa sababu ya ujumbe wa Twitter. Alikuwa amepigiwa simu saa 10 alfajiri kwamba wezi wamevamia nyumba ya mwalimu. Akaandika maneno machache. Punde majirani wakajaa nje ya nyumba hiyo, na wezi wakatimua mbio. Wengi walioisimulia habari hiyo waliisifu teknolojia. Naona walisifu kidogo wakaacha kikubwa. Ukurasa wa chifu ulikuwa na wafuasi 300 hivi, ilhali eneo lake lilikuwa na wakazi wapatao 28,000, wengi wakiwa wakulima wadogo wasiomudu simu janja. Hata hivyo maelfu walikuwa wakizipata habari zake, maana waliozisoma waliwapelekea wengine kwa SMS hadi kwenye simu za kawaida, zile ambazo Wakenya huziita mulika mwizi (na alfajiri ile jina lilistahili). Chifu huyohuyo alikuwa akitangaza hata kondoo aliyepotea, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Kwa hiyo siku ya hatari ilipofika, watu walishazoea kumsoma na kumwamini.

Ndiyo maana halmashauri au kaunti inayojipima kwa idadi ya wafuasi inajidanganya. La kuuliza ni nani ataupokea ujumbe na kumfikishia bibi asiye na simu, na njia ipi itabaki wazi umeme ukikatika. Lahaina, mji wa kisiwa cha Maui huko Hawaii, ulilijua swali hilo kwa gharama kubwa. Asubuhi ya tarehe 8 Agosti 2023 serikali ya kaunti ilitangaza mtandaoni kwamba moto wa nyika uliozuka jirani na mji umedhibitiwa kwa asilimia 100. Alasiri moto ukaibuka tena, ukisukumwa na upepo mkali uliokuwa umeshaangusha nguzo za umeme, na mawasiliano ya simu nayo yakakatika. Agizo la kuhama lilitumwa kwenye simu na Facebook, kwa wakazi ambao wengi wao simu zao hazikuwa na mawimbi. Kisiwa kina ving'ora 80 hivi. Hakuna hata kimoja kilicholia. Mkuu wa dharura wa kaunti alijitetea kwamba watu wangedhani ni tsunami na kukimbilia mlimani, kulikokuwa kukiwaka. Hoja hiyo ina uzito wake, lakini inakiri kwamba wakazi hawakuwa wamefundishwa king'ora kingeweza kumaanisha nini kingine. Alijiuzulu siku chache baada ya moto. Waliokufa walizidi 100.

Wapo watakaosema mitandao imejaa uzushi, afadhali ofisi za umma zikae kando. Lakini uzushi hausubiri ofisi ifunguliwe, na ukimya wa kiongozi ndio mbolea yake. Mafuriko yalipoikumba Queensland, Australia, Januari 2011, ulienea uvumi kwamba bwawa la Wivenhoe, lililo juu ya jiji la Brisbane, linakaribia kupasuka. Polisi wa jimbo waliingia Twitter wakaukanusha, na uvumi mwingine vilevile, kila mmoja kwa jina lake. Waliwahi kwa sababu maofisa wao wa habari waliaminiwa kuandika bila kungoja idhini ya ngazi kwa ngazi. Kwetu, ambako tangazo la kawaida tu huweza kulala mezani likisubiri saini, hilo ndilo gumu kuliko kununua vifurushi vya intaneti.

Na hata mwenye mamlaka yote anaweza kukwama kwa jambo dogo. Tarehe 13 Januari 2018, saa 2:07 asubuhi, simu za watu wa Hawaii zilipokea onyo kwamba kombora linakuja. Lilikuwa kosa. Gavana David Ige alijulishwa ukweli saa 2:09, lakini ujumbe wake wa Twitter ulitoka saa 2:24, na onyo lenyewe halikurekebishwa kwenye simu hadi dakika 38 zilipopita. Baadaye gavana alikiri kwamba hakukumbuka nenosiri la akaunti yake. Sasa, alisema, ameliweka kwenye simu.