Boti kuukuu ya kulala ziwani: Usajili unaotaka vipimo kuliko wa straika mkongwe

MASHABIKI wa soka wanaijua hadithi hii. Klabu inamleta straika wa miaka 34, jina kubwa, video kali mtandaoni na bei poa. Anapigwa picha na jezi, watu wanashangilia uwanja wa ndege. Mechi ya tatu goti linagoma, msimu mzima anaumalizia jukwaani. Viongozi wakiulizwa nani alisimamia vipimo vya afya, kila mmoja anamtazama mwenzake.

Kwenye miji ya pembeni ya Ziwa Michigan, Marekani, usajili wa aina hiyo hufanyika kila baridi inapoisha. Tofauti ni kwamba anayesajiliwa ni boti. Wavuvi wa burudani wanaotaka kulala majini wanasaka boti zenye kabini za futi 24 hadi 28, nyingi zilizoundwa miaka ya 1970 na 1980. Zina vitanda upande wa omo, jiko dogo, choo, na nafasi ya kutosha nyuma kusimama watu watatu na fimbo zao za kuvulia.

Boti mpya ya ukubwa huo ni bei ya nyumba. Iliyozeeka inaweza kupatikana kwa bei ya gari lililotumika. Hapo ndipo mtego ulipo.

KWA NINI WALALE MAJINI

Samaki anayewatoa watu kitandani ni samoni, hasa aina za Chinook na coho. Mwaka 2021 Chinook wa zaidi ya kilo 21 alivuliwa karibu na mji wa Ludington na kuvunja rekodi ya jimbo la Michigan iliyodumu tangu 1978.

Samoni hapendi jua kali wala maji ya moto. Wakati wa kiangazi anashuka chini kwenye baridi na mara nyingi anasogea mbali na ufukwe. Anakula vizuri alfajiri na jioni, na wazoefu huanza kuburuta chambo kinachong'aa gizani kabla hakujapambazuka. Mwenye kuendesha gari kutoka nyumbani saa nane usiku anafika amechoka. Aliyelala kwenye boti yake bandarini anaamka, anachemsha kahawa, anatoka.

Samoni huyo si mwenyeji wa ziwa hilo. Mwaka 1966, jimbo la Michigan chini ya mtaalamu wa samaki Howard Tanner lilipandikiza vifaranga wa coho waliotokana na mayai kutoka Oregon. Lengo lilikuwa kuwapunguza samaki wadogo wanaoitwa alewife waliokuwa wamejaa ziwani, na hapohapo kuzalisha mchezo mpya wa uvuvi. Ni stori inayofanana na ya sangara, aliyeingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na kubadilisha maisha ya watu wa pwani zake.

JUMAMOSI ILIYOFUNDISHA WATU

Mwaka mmoja tu baadaye coho walikuwa wakubwa na habari zikasambaa. Watu walifurika upande wa Ghuba ya Platte na chochote kinachoelea: mitumbwi, vijiboti vya kwenye mito, boti za kuvutia watoto wikiendi.

Septemba 23, 1967, siku ya Jumamosi, upepo ulibadilika ghafla. Mawimbi yakapanda, boti zikajaa maji, nyingine zikatupwa ufukweni kama maganda. Watu saba walipoteza maisha.

Ziwa Michigan lina kilomita za mraba takriban 58,000, likiwa dogo kuliko Victoria. Lina urefu wa karibu kilomita 490, na sehemu nyingine kina kinapita mita 280. Upepo ukipata nafasi yote hiyo ya kukimbia, mawimbi yanakuja mafupi, yamesimama wima na yanafuatana. Chombo chenye kingo fupi hakina majibu. Ndiyo maana anayetaka kwenda mbali na kulala huko anatafuta boti nzito yenye omo refu na kabini.

Ila boti nzito iliyooza ni mbaya kuliko ndogo nzima, kwa sababu inampa mwenyewe ujasiri wa kwenda mbali zaidi.

VIPIMO VYA AFYA

Wahenga wa pwani walisema, enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mnunuzi makini anaanzia hukohuko ngamani, chini kabisa, kabla hajakaa kwenye kiti cha nahodha na kupiga selfi.

Boti nyingi za umri huo ni za faiba kwa nje, lakini ndani yake kuna mbao. Mataruma yanayoshikilia umbo na ukuta wa nyuma unaobeba mzigo wa injini mara nyingi ni mbao zilizofunikwa kwa faiba. Maji yakipenya kupitia tundu la skrubu, mbao zinaoza kimyakimya huku rangi ikiendelea kung'aa. Fundi anagonga kwa nyundo ya plastiki. Sauti kavu na kali ni dalili njema. Sauti iliyofifia, kama anagonga godoro, ni dalili ya uozo au faiba kuachana na mbao. Sakafu inayobonyea ukikanyaga nayo imeshajieleza.

Kisha injini. Nyingi ni za petroli, silinda nane. Fundi anapima kompresheni ya kila silinda, na namba zinatakiwa zikaribiane. Anachomoa kijiti cha oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na mazungumzo ya bei yasimame hapo. Muuzaji aombwe asiiwashe kabla mnunuzi hajafika, maana injini yenye moto inaficha ugonjwa wa kuwaka asubuhi.

Boti iliyoishi kwenye maji baridi ina faida kubwa, kwani haijaliwa na chumvi. Ila Michigan kuna adui mwingine, barafu. Maji yakisahaulika ndani ya injini wakati wa baridi yanaganda, yanatanuka na kupasua bloku. Swali la lazima ni nani aliiandaa boti kwa baridi kila mwaka, na risiti ziko wapi.

Baada ya hapo anaitwa mkaguzi wa boti anayejitegemea, anayelipwa na mnunuzi. Kampuni nyingi za bima hazikubali boti kuukuu bila ripoti yake. Mwisho ni kuitoa majini kwa majaribio, ikimbie kwa kasi huku mtu mmoja akiangalia ngama. Muuzaji akikataa hatua hii, mnunuzi aage kwa heshima.

USIKU UNA SHERIA ZAKE

Kuna boti inayofaa kuvulia mchana lakini inaua watu usiku.

Muuaji wa kwanza ni kaboni monoksaidi, hewa inayotoka kwenye moshi wa injini, jenereta na majiko. Haina rangi wala harufu. Mtu akilala kabini huku jenereta inanguruma na moshi unarudi ndani, anaweza asiamke. Kifaa cha kugundua hewa hiyo ni kitu kidogo, na kinatakiwa kiwe kipya. Kilichokuja na boti tangu mmiliki wa tatu hakihesabiki.

Wa pili ni mvuke wa petroli. Ni mzito kuliko hewa, hivyo unatuama ngamani kusubiri cheche. Feni ya kuutoa inatakiwa iwashwe angalau dakika nne kabla ya kugusa swichi ya injini. Pua nayo ifanye kazi yake: ukinusa petroli, usiwashe chochote.

Mengine yanaeleweka. Betri moja ya taa na pampu, nyingine ya kuwasha injini tu, ili watu wasiamke na boti iliyokufa. Pampu ya kutoa maji inayojiwasha yenyewe. Nanga yenye kamba ndefu, taa nyeupe inayoonekana pande zote boti ikiwa imetia nanga, redio ya mawasiliano, na jaketi okozi kwa kila kichwa.

MKWANJA HAUISHII SIKU YA KUNUNUA

Wazoefu hukadiria kutenga asilimia 10 ya bei ya boti kila mwaka kwa matunzo. Kwa boti kuukuu hesabu hiyo inadanganya, kwani aliyenunua kwa bei ya kutupa anatunza chombo ambacho vipuri vyake havijui kuwa kilinunuliwa rahisi. Kuna maegesho, bima, mafuta na hifadhi ya miezi ya baridi. Boti yenye upana unaozidi futi 8 na nusu haivutwi barabarani Marekani bila kibali, hivyo mwenye futi 28 kwa kawaida anategemea bandari.

VIPI KWA VICTORIA?

Uvuvi wa burudani upo pia huku. Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo inapokea wageni wanaokuja kumsaka sangara kwa fimbo, na sangara anaweza kuzidi kilo 100. Ziwa ni pana, upepo wake wa ghafla wavuvi wa Mwanza na Ukerewe wanaujua, na usalama wa vyombo Tanzania unasimamiwa na TASAC.

Anayefikiria kununua boti ya kulala, hapa au kule, aanze na kitu kimoja: apange bajeti ya mkaguzi na fundi kabla ya bajeti ya fimbo na chambo. Ikiwa fedha haitoshi vyote viwili, boti hiyo bado si ya kwake msimu huu. Dirisha lijalo la usajili litafunguliwa tu.