Mwani Wetu Unakwenda Wapi?

Pita pwani ya Mkinga wakati wa bamvua, maji yakiwa yametoka. Utawaona kina mama wameinama katika mashamba ya mwani. Vipande vidogo vya mwani vimefungwa kwenye kamba kwa taitai. Kamba nazo zimefungwa kwenye vigingi vilivyopigwa mchangani. Baada ya wiki sita hivi mwani huvunwa, huanikwa, kisha hutiwa katika magunia. Mwani mbichi kilo saba, wakati mwingine zaidi, hutoa kilo moja tu ya mwani mkavu. Mnunuzi huja na mizani yake. Hupima, hulipa, huondoka.

Je, umewahi kujiuliza mwani huo unakwenda wapi? Wengine husema unakwenda kufanywa dawa. Wengine husema rangi. Tuufuate mwani wetu, tuone.

Mwani mkavu wa Tanzania Bara na Zanzibar umekuwa ukinunuliwa na nchi kadhaa, kama Denmark, Ufaransa, Marekani na China. Leo tuitazame Denmark. Nchi hii haioti mwani wa aina yetu hata kidogo. Bahari yake ni ya baridi mno. Lakini ina kiwanda cha kuusindika.

NCHI NDOGO YA WAFANYA BIASHARA

Denmark iko kaskazini ya Ulaya. Ina watu karibu milioni 6. Sensa yetu ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 61. Basi penye Watanzania kumi, wao ni mmoja. Ardhi yao haifiki hata mara mbili ya Mkoa wa Tanga. Wamechimba mafuta baharini tangu mwaka 1972, lakini walikuwa na maisha mazuri kabla ya hapo.

Zamani watu hao walikuwa wakulima wa nafaka. Walivuna, wakauza nafaka yao Uingereza. Katika miaka ya 1870 mambo yaliharibika. Nafaka nyingi ya bei rahisi ilianza kufika Ulaya kwa reli na meli za moshi kutoka Marekani na Urusi. Bei ikaanguka. Mkulima wa Denmark angeweza kukaa na kulalamika. Badala yake aliwalisha ng'ombe na nguruwe nafaka ile, akauza siagi na nyama. Yaani aliacha kuuza nafaka, akauza kitu kilichotokana na nafaka.

Lakini mkulima mwenye ng'ombe watatu hawezi kujenga kiwanda cha siagi. Mwaka 1882, katika kijiji cha Hjedding, wakulima waliungana wakaanzisha kiwanda chao cha ushirika. Vijiji vingine vikafuata upesi. Katika ushirika wao kila mwanachama alikuwa na kura moja, mwenye ng'ombe wengi na mwenye ng'ombe wachache sawasawa.

Tena, wakulima hao walikuwa wamekwisha kusoma. Tangu mwaka 1844, pale Rødding, zilikuwapo shule za watu wazima wa vijijini. Vyuo vyetu vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975, vilifuata mfano wa shule za nchi hizo za kaskazini. Sisi wa elimu ya watu wazima tunapenda sana kulitaja jambo hili, na utatusamehe.

Baada ya siagi walizidi kununua vitu ghafi vya watu wengine, wakavitengeneza na kuviuza tena. Walijenga meli pia. Ukiona barabarani lori limebeba kontena lililoandikwa Maersk, jua kwamba hilo ni jina la kampuni ya Denmark. Ilianza mwaka 1904.

KIWANDA CHA MAGANDA NA MWANI

Kusini ya mji mkuu wao, Copenhagen, kuna mji mdogo uitwao Lille Skensved. Hapo pana kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1934 kutengeneza pektini. Pektini ni unga unaogandisha jemu ili isiwe majimaji kama uji. Na unga huo hutoka wapi? Hutoka katika maganda ya malimau, ndimu na machungwa.

Denmark hakuna mchungwa hata mmoja shambani. Maganda hununuliwa nchi za mbali, kama Argentina na Mexico, yakiwa yamekaushwa. Hata hivyo kiwanda hicho ni miongoni mwa viwanda vikubwa kabisa vya pektini duniani. Kimebadilisha wenyewe mara kadhaa. Mwishoni mwa mwaka 2024 kilinunuliwa na kampuni ya Uingereza iitwayo Tate & Lyle.

Kiwanda hicho hicho kimekuwa kikitengeneza unga wa pili, uitwao karajinani. Unga huu hutoka katika mwani. Kazi yake kwa kifupi ni hii. Mwani mkavu huoshwa kuondoa chumvi na mchanga. Huchemshwa katika maji yenye dawa kama magadi makali. Utomvu ukitoka huchujwa, hugandishwa, hukamuliwa, hukaushwa, kisha husagwa.

Ukitaka kuuona utomvu wenyewe, chemsha mwani kidogo jikoni kwa muda mrefu, uuache upoe. Utaona maji yamekuwa mazito na yanateleza. Kitu hicho kizito ndicho kinachotafutwa.

Huzuia kakao isizame chini ya maziwa ya pakiti. Huifanya aiskrimu iwe laini. Hushika maji ya nyama ya kopo yasitengane na nyama. Hufanya dawa ya meno isimwagike kama maji unapoikamua. Huenda asubuhi ya leo umepiga mswaki kwa mwani uliovunwa na jirani yako, ukirudi kwako kutoka Ulaya kwa bei ya dukani.

KWA NINI UNGA UNA BEI KUBWA KULIKO GUNIA?

Katika miaka ya 2010 mkulima wa pwani yetu aliuza mwani wa spinosamu kwa shilingi mia chache tu kwa kilo. Unga wa karajinani huuzwa kwa bei iliyo kubwa mara nyingi kuliko hiyo. Wako wanaosema huo ni wizi mtupu. Mimi naona ni vema tutazame kwanza ndani ya ile tofauti mna nini.

Mna mwani mwingi, kwa kuwa kilo moja ya unga hutumia kilo kadhaa za mwani mkavu. Mna maji safi mengi, moto mwingi, dawa na mitambo. Zaidi ya hayo mna wataalamu. Mwenye kiwanda cha maziwa hataki unga wowote tu. Anataka unga ambao leo, kesho na mwakani utagandisha maziwa yake kwa kiasi kile kile. Wataalamu hupima kila mzigo, wakachanganya mwani wa Zanzibar na wa Indonesia mpaka wapate kiasi hicho. Anachonunua mwenye maziwa ni uhakika, na uhakika huo ndio ulio ghali.

Watu wengi hudhani tunazuiwa na ushuru wa Ulaya. Sivyo. Tangu mwaka 2001 nchi zenye hali kama yetu zinaruhusiwa kuingiza bidhaa karibu zote katika Umoja wa Ulaya bila ushuru, isipokuwa silaha. Mlango uko wazi. Kinachoulizwa mlangoni ni vipimo: bidhaa ni safi? Inalingana na sampuli? Itafika siku iliyoandikwa katika mkataba?

Kuna shida nyingine. Indonesia na Ufilipino hulima mwani huu kwa wingi kutushinda sana. Bei yao ikishuka, ya Mkinga nayo hushuka, ingawa kina mama wa Mkinga hawakukosea lolote.

Na bahari inazidi kupata joto. Mwani wa kotonii, ambao bei yake ni nzuri zaidi, umekuwa ukifa katika maji ya kina kifupi. Wengi wamebaki na spinosamu tu. Mtaalamu wa mwani Dkt. Flower Msuya amefanya kazi na wakulima kujaribu kupanda kotonii maji ya kina kirefu kwa kutumia nyavu. Huko panahitajika chombo na kujua kuogelea. Kina mama wengi wa pwani hawakufundishwa kuogelea, na jambo hili husahauliwa mara nyingi na wale wanaotoa ushauri wakiwa ofisini.

TANGA IMEKWISHA KUYAONA HAYA

Wazee wetu wanakumbuka mkonge. Uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Katika miaka ya 1960 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Sehemu kubwa ilikwenda Ulaya na Marekani ikiwa nyuzi tu, na kamba zikasokotwa huko. Kisha viwanda vya huko vikaanza kusokota kamba za plastiki. Mwenye kiwanda alibadilisha nyuzi, akaendelea kuuza kamba. Sisi wenye nyuzi tulibaki na mashamba yaliyoota magugu.

Sasa tazama Muheza, wilaya ya machungwa. Maganda yale yale yanayotafutwa na viwanda vya pektini, kwetu hutupwa. Lakini usikimbilie kuokota maganda barabarani. Ganda lililokaa siku mbili limeanza kuoza, na pektini yake imeharibika. Huko Argentina maganda hutoka katika viwanda vya maji ya matunda, yakiwa lundo moja, yakaoshwa na kukaushwa siku ile ile. Machungwa ya Muheza hupakiwa malori mazima mazima, yakaliwa Dar es Salaam na Nairobi, na kila mlaji akatupa ganda lake. Kwa hiyo kiwanda cha maji ya machungwa lazima kitangulie.

Kwa mwani, hatua ndogo zimekwisha kuanza. Kina mama wa Kidoti, Unguja, na wa Mlingotini, Bagamoyo, husaga mwani wakatengeneza sabuni. Sabuni hiyo ina bei nzuri, hasa kwa watalii. Lakini watalii hawawezi kumaliza maelfu ya tani. Pemba, pale Chamanangwe, Serikali ya Zanzibar imejenga kiwanda cha mwani. Watu wa Tanga wakitembelea huko, waulize maswali mawili: maji yanatoka wapi, na unga unanunuliwa na nani?

KAZI YA KIKUNDI CHENU

Mwani wa kuuza nje hutakiwa uwe na maji yasiyozidi kilo 35 hivi katika kilo 100. Uanike juu ya chanja, usiuanike mchangani. Mvua ikinyesha ufunike, kwa maana maji ya mvua huuchujua na kupunguza utomvu. Usichanganye spinosamu na kotonii katika gunia moja.

Kisha andikeni. Fungueni daftari, kila mnapouza mwandike tarehe, aina ya mwani, kilo, bei, na kilo zilizokatwa. Fanyeni hesabu hii darasani. Mama ameuza magunia 6. Kwa kila gunia mnunuzi amekata kilo 2, akisema ni za mchanga na maji. Jumla amekata kilo 12. Bei ikiwa shilingi 600 kwa kilo, mama amekosa shilingi 7,200. Kama mwani ulikuwa mchafu, mnunuzi ana haki. Kama ulikuwa safi na mkavu, pimeni kwa mizani ya kikundi kabla hajafika, mwandike, na akija mfungulieni daftari asome.